Sheria Inayomsaka Asiye na Kitu

Kila wizi unapozidi mjini, kauli hutoka ile ile. Kiongozi huita waandishi wa habari na kutangaza msako: vijana wasio na kazi ya kueleweka wakamatwe, wanaorandaranda usiku wakamatwe, vijiwe vivunjwe. Jioni karandinga zinapita, asubuhi idadi ya waliokamatwa inasomwa redioni, na wengi wetu tunashusha pumzi. Tunasema serikali iko kazini. Mwenye duka anaunga mkono, mwenye nyumba anaunga mkono, waumini wanaotoka msikitini na kanisani wanaunga mkono. Hata mzazi ambaye mwanawe hana ajira huunga mkono, mpaka siku mwanawe anapozolewa.

Naipinga kauli hiyo tangu mzizi wake. Kosa la uzururaji halina nafasi katika nchi huru. Halimkamati mhalifu, halimlindi raia, na kazi yake ya kweli tangu lilipotungwa ni kumwadhibu maskini kwa kuonekana. Wapo wanaosema lirekebishwe, liwekewe mipaka, askari wapewe semina. Mimi nasema lifutwe.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaoishangilia hawajaisoma. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina vifungu viwili ambavyo wanasheria wamevizoea kwa namba 176 na 177. Cha kwanza kinawahusu watu wanaohesabiwa kuwa wavivu na wasio na mwenendo mzuri: humo wamo ombaomba, wamo wacheza kamari hadharani, wamo wanawake wanaodaiwa kujiuza. Cha pili kinamgusa mtu anayeshukiwa au kuvumishiwa wizi, ambaye hana njia ya riziki inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri. Kinamgusa pia yeyote anayekutwa akitangatanga barabarani, au karibu na majengo, katika saa na mazingira yanayomfanya anayemwona adhani kwamba ana nia mbaya.

Tafuta tendo katika maneno hayo, hutaliona. Mwizi ameiba. Mporaji amepora. Mvunja nyumba amevunja. Mzururaji amefanya nini? Amekuwa mahali fulani, saa fulani, na mfukoni hana karatasi ya kumtetea. Ushahidi dhidi yake ni dhana ya askari aliyemwona. Utetezi wake ni kujieleza vizuri, na anayeamua kama kajieleza vizuri ni askari yule yule. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Hapa mzigo umegeuzwa: raia ndiye athibitishe kwamba si mhalifu, tena usiku, barabarani, mbele ya mtu mwenye bunduki.

Sasa tuwatazame wanaopandishwa kwenye hizo karandinga. Dar es Salaam inakula asubuhi kwa sababu kuna watu waliokesha. Usiku wa manane malori ya ndizi na mananasi yanashusha Mabibo, na wanaoshusha ni vijana wanaolipwa kwa mkungu au kwa gunia, kisha wanalala juu ya magunia hayo hayo kusubiri lori linalofuata. Alfajiri samaki wananadiwa Feri, Magogoni. Mama wa Mbagala anayenunua ndoo moja ya samaki wa kukaanga hawezi kungoja jua lichomoze. Lazima awe njiani kungali giza. Mama ntilie anawasha mkaa saa kumi ili fundi ujenzi apate chai na chapati kabla ya kupanda zege. Muuza kahawa anazunguka na birika na vikombe vyake usiku kucha, maana wateja wake ni walinzi na madereva wa bodaboda. Muokota chupa za plastiki anapaswa kulitangulia gari la taka, la sivyo siku yake imepotea. Utingo wa lori, kondakta wa deiwaka, mlinzi anayerudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nauli ameiweka akiba ya unga: hawa ndio wanaotangatanga usiku.

Msimamishe yeyote kati yao umwulize mwajiri wake ni nani. Atakosa jibu. Mwulize kitambulisho cha kazi. Hana. Mwulize anakoishi, na huenda akataja chumba alichopanga mwezi uliopita, ambako mjumbe wa nyumba kumi hajamjua hata jina. Kwa vipimo vya sheria hii, mtu aliyekesha akibeba magunia hana njia ya riziki inayoonekana. Jasho lake halionekani kwa sababu halina muhuri.

Wanaotetea msako husema: akiwa hana hatia, ataachiwa, hasara iko wapi? Hasara ipo, na ni kubwa kuliko wanavyofikiri watu wenye mshahara. Mama wa samaki akilala mahabusu usiku mmoja, samaki wameoza. Mtaji wake wa siku umekwenda, na mara nyingi mtaji huo si wake: ni mkopo wa kausha damu, na rejesho lina siku yake. Akikosa rejesho wanakuja kuchukua jiko, godoro na televisheni. Kijana wa Mabibo akikosekana siku mbili, nafasi yake kwenye lori ameshapewa mwingine. Dhamana nayo inataka mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtu anayelala sokoni, mwenyekiti wake ni nani? Kwa hiyo anayetoka upesi ni mwenye ndugu wa kumkimbilia, au mwenye noti ya kumpoza askari. Asiye na vyote viwili anabaki ndani. Kosa linaloanza kwa mtu kukosa pesa linaishia kwa kumchuja aliyekosa pesa zaidi.

Mwanamke hukamatwa mara mbili, kwa umaskini wake na kwa jinsia yake. Mhudumu wa baa anayefunga kazi saa nane usiku na kusimama kando ya barabara akisubiri bajaji, machoni pa msako huo tayari ni kahaba. Hakuna mteja aliyeonekana, hakuna makubaliano yaliyosikika, kuna sketi na kuna saa. Anapigwa picha, anaonyeshwa kwa watu, na hata hakimu akimwachia kesho yake, mtaani ameshahukumiwa.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni kwamba hawa ni wavivu. Wangetaka kazi wangeipata. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba asilimia 85.8 ya ajira zote barani Afrika ziko nje ya mfumo rasmi. Yaani katika kila Waafrika saba wanaofanya kazi, sita hivi hawana mkataba wala hifadhi ya jamii. Ukishikilia kwamba mtu asiye na mwajiri wa kumtaja hana kazi, umeifanya nchi nzima kuwa ya wazururaji, na wewe umebaki kisiwani na wachache wenzako.

Hili halikuanza jana. Mtafiti Aili Mari Tripp alifanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1997 alionyesha jinsi mshahara ulivyokuwa umebaki sehemu ndogo tu ya kipato cha kaya. Karani alikuwa na ofisi, lakini kilichowalisha watoto wake ni vitumbua, kuku, cherehani na genge la mkewe. Wakati huo huo jukwaani iliimbwa kwamba mwenye ajira rasmi ndiye mfanyakazi na wengine ni kupe. Kumbe nyumba ya huyo mfanyakazi ilisimama juu ya kazi zile zile zilizodharauliwa.

Na kama uvivu ndio kosa, mbona hatuwakamati wavivu wote? Tunaye mtu anayeishi kwa kodi za nyumba alizorithi, anaamka saa nne, siku inaisha akiwa kibarazani na simu yake. Hakuna askari aliyewahi kumwuliza njia yake ya riziki. Tunao vijana wa Masaki na Oysterbay wanaorudi kutoka klabu saa tisa usiku bila kitambulisho mfukoni. Hakuna karandinga inayowangoja. Tumezoea kusema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu hukata Tandale, hukata Manzese, hukata Vingunguti, ukifika penye mageti na bustani unasimama. Sheria inayotaja uvivu na kuwakuta wavivu kwa maskini peke yao haina haki ya kujiita sheria ya uvivu.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, tuangalie ilikotoka. Uingereza, baada ya tauni kubwa iliyoanza kuua watu huko mwaka 1348, vibarua walipungua, na waliobaki wakaanza kudai ujira mzuri na kuhama kumfuata anayelipa. Wenye mashamba wakapata amri ya mwaka 1349 na sheria ya mwaka 1351 za kuwazuia kuhama na kuwalazimisha kupokea ujira wa zamani. Karne zikapita. Mwaka 1824, barabara zikiwa zimejaa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon na watu wa mashamba waliokosa pa kukaa, Bunge la huko likatunga sheria mpya ya uzururaji. Maneno ya sheria hiyo ndiyo yaliyosafirishwa katika makoloni, na yakaingia katika kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930. Waingereza wenyewe waliichoka: mwaka 2022 Bunge lao liliidhinisha kufutwa kwa sheria hiyo ya 1824. Sisi tumebaki na nakala, tunaitetea kama mila ya wazee wetu.

Makoloni yaliitumia kwa kazi ile ile ya kuwashika watu wa chini. Kenya, Mwafrika mwanamume alifungiwa kipande ndani ya kikopo cha chuma shingoni, ili mwajiri na askari wajue katoka wapi na ana ruhusa ya kwenda wapi. Tanganyika ilipata mwaka 1944 sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Na hawa wasiotakiwa walikuwa akina nani? Bandari ya Dar es Salaam iliendeshwa kwa vibarua wa siku. Meli ikitia nanga, walihitajika usiku na mchana. Meli ikiondoka, wale wale wakawa wahuni wa kukamatwa na kurudishwa kwao. Mkoloni alitaka mikono, ila hakutaka mwenye mikono awe na makazi, awe na familia, awe na sauti. Sauti hiyo aliisikia hata hivyo: mwaka 1947 mgomo ulioanza bandarini ulienea kuifuata reli hadi bara.

Baada ya uhuru nia ilibadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza kazi na kulaani unyonyaji, na lilipokemea uvivu halikumbagua mtu wa mjini peke yake. Liliwataja hata wanaume wa vijijini waliowaachia wake zao jembe. Lakini chombo kilichotumika kilibaki cha mkoloni. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na Dar es Salaam ikashuhudia watu wakisimamishwa barabarani kuonyesha vitambulisho vya kazi, na wasiokuwa navyo wakipakiwa kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini muda si mrefu. Walirudi kwa sababu zile zile zilizowaleta: bei ya mazao haikutosha, shamba halikuwepo au lilikuwa la kaka mkubwa, na mjini angalau kulikuwa na sarafu ya kila siku. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ikawa inawahimiza watu wajiajiri. Aliyekamatwa mwaka 1983 kwa kuuza sigara mojamoja alikuwa amewatangulia wapangaji wa uchumi.

Ndiyo maana nashangaa ninaposikia leo, mwaka hata mwaka, ushauri wa kwamba vijana warudi vijijini wakalime. Anayeutoa ana shamba? Huko Kilimanjaro, Lushoto na Ukerewe ardhi ya ukoo imegawanywa vizazi kwa vizazi mpaka kijana wa leo anaoneshwa mgomba mmoja na kuambiwa hapa ni pako. Kilimo ni kazi ya heshima, na anayetaka vijana wakifanye awapelekee ardhi, mbegu, mikopo na bei nzuri. Karandinga haijawahi kumfanya mtu kuwa mkulima. Zaidi ya hayo, Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kwenda popote katika Jamhuri ya Muungano na kuishi popote. Haki hiyo haikusema popote, isipokuwa mjini kama huna mshahara.

Sasa nifike kwenye hoja nzito kuliko zote, nayo ni hofu. Mwaka 2022 vikundi vya vijana vilivyoitwa Panya Road vilivamia nyumba za watu Dar es Salaam, vikajeruhi, vikaua. Aliyevamiwa kwa panga usiku mbele ya watoto wake hataki mhadhara wa katiba, anataka kulala. Ana haki hiyo, na wanaotetea msako wanazungumza kwa niaba yake. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini nawauliza: kati ya sheria zilizohitajika kuwakamata wale vijana, ipi ilikuwa ya uzururaji? Kuvamia nyumba ni kosa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa lenye adhabu kali mno. Kula njama ni kosa. Kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ni kosa. Askari mwenye sababu za msingi za kumshuku mtu kwamba ametenda kosa au yuko mbioni kulitenda ana mamlaka ya kumkamata tayari. Kosa la uzururaji linaongeza kitu kimoja tu juu ya hayo yote: ruhusa ya kukamata bila sababu.

Na ruhusa hiyo inauharibu upelelezi. Msako ukileta watu mia, kiongozi ana namba ya kutangaza, na namba hiyo inafunika swali la maana: mali iliyoibiwa iko wapi, na nani anayeinunua? Simu iliyoporwa haishii kwa kijana wa kijiweni. Inapita mikononi mwa mtu mwenye duka, mwenye leseni na risiti, ambaye hajawahi kukutwa barabarani saa nane usiku. Kumfikia huyo kunahitaji uchunguzi, subira na watoa habari. Na watoa habari bora kabisa wa mji ni wale wale tunaowazoa. Muuza kahawa anajua nani mgeni mtaani. Dereva wa bodaboda anajua alimpakia nani na begi gani. Muokota chupa anaona kilichotupwa jalalani. Tumehubiri polisi jamii kwa miaka mingi, kisha tunawafundisha mashahidi wetu kwamba wakiona defenda ya polisi, wakimbie. Mtu aliyelala mahabusu bila kosa hataleta taarifa kituoni hata akishuhudia mauaji.

Wengine watasema: sawa, wezi tuwaache, lakini mji unahitaji utaratibu, hatuwezi kuwaacha watu wajae kila kona. Utaratibu nautaka mimi pia. Mji una haki ya kupanga wapi pauzwe nini na barabara ipi iachwe wazi. Ila tuone yule anayepangwa amepitia nini. Desemba 2018 mfanyabiashara mdogo aliambiwa alipe shilingi 20,000, apewe kitambulisho, na asibughudhiwe tena. Akalipa. Kufikia Oktoba 2021 kibanda chake kilitakiwa kiondoke, na alielekezwa kwenye masoko ambayo mengine yalikuwa mbali na mapito ya wateja. Somo lilikuwepo wazi Ilala, katika jengo la Machinga Complex, ambalo kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa sababu mnunuzi hapandi ghorofa kutafuta soksi. Mtu huyo, akishaondolewa kibandani, hutundika mashati begani na kuanza kutembea. Na akitembea muda mrefu bila kibanda wala kitambulisho kinachotambulika tena, sheria ina jina la kumpa. Sera inamtoa kwenye meza yake, kisha inamkamata kwa kukosa meza.

Mahakama za Afrika zimeshaliona hili, na hapa ndipo ukimya wetu unaponiumiza. Mwaka 2015 mchuuzi wa Malawi, Mayeso Gwanda, alikamatwa alfajiri akielekea Limbe kuuza mifuko ya plastiki. Alishtakiwa kwa uzururaji. Hakukubali, akaipeleka sheria yenyewe mahakamani, na Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vipengele vya kanuni yao ya adhabu vinavyofanana mno na vyetu. Na katikati ya hizo, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika: zinavunja usawa, utu, uhuru wa mtu na haki ya kwenda atakako. Ilisema zinaumiza watoto, na kwamba zinakiuka Itifaki ya Maputo inayowalinda wanawake maskini. Ikazitaka nchi kuzifuta au kuzirekebisha katika muda mfupi iwezekanavyo.

Mahakama hiyo inakaa Arusha. Maoni hayo yalitolewa kwenye ardhi yetu, na nchi mwenyeji ndiyo imekaa kimya. Najua jibu la wanasheria wa serikali: maoni ya ushauri hayatekelezwi kama hukumu. Ni kweli hakuna dalali wa mahakama atakayekuja kuyabandika mlangoni. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika mwaka 1984, kwa hiari yake, na mahakama iliyoundwa kuufasiri mkataba huo imeshaufasiri. Anayejua maana ya ahadi yake na bado haitimizi hawezi kujificha nyuma ya neno ushauri.

Limebaki swali moja ambalo hata wanaoniunga mkono hulikwepa. Je, yule ambaye kweli hana kazi? Siyo mbeba magunia, siyo mama wa samaki. Kijana aliyekaa kijiweni tangu asubuhi, hakuitafuta kazi leo, wala jana. Huyu naye nimtetee? Ndiyo, namtetea. Kama utetezi wangu unamhusu mwenye bidii peke yake, nimekubali kimyakimya kwamba uhuru ni malipo ya bidii, na kwamba serikali ina haki ya kukagua bidii ya mtu kabla ya kumruhusu asimame barabarani. Kijana huyo huenda ameomba kazi mwaka mzima akachoka. Huenda ni mgonjwa. Huenda ni mvivu kweli, na hilo ni la kukaripiwa na mama yake, mjomba wake na imamu au padri wake. Jela haimhusu. Tukimfunga tutamtoa akiwa na marafiki wapya na ufundi mpya, na ndipo tutakapokuwa tumemtengeneza mhalifu tuliyemwogopa.

Ninachotaka kinatekelezeka. Bunge lifute vifungu hivyo, na likivifuta lisivirudishe kwa jina jingine katika sheria ndogo za halmashauri. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kukataa kuendesha mashtaka. Hahitaji kusubiri Bunge kuacha kuwapeleka watu mahakamani kwa kukosa maelezo mazuri. Mahakimu wanaoletewa mashtaka hayo wadai kuonyeshwa tendo. Wanasheria wa msaada wa kisheria wamtafute Gwanda wetu, maana wako wengi, na wafungue shauri la kikatiba. Wakuu wa mikoa na wilaya waache kutangaza misako ambayo kipimo chake ni idadi ya vichwa. Na polisi, ambao wengi wao ni watoto wa familia hizi hizi za Mbagala na Vingunguti, wapewe mafuta ya gari, maabara na muda wa kupeleleza, ili sifa yao itokane na kesi zilizothibitishwa.

Nasi tunaosikiliza redio asubuhi tuna wajibu. Idadi ya waliokamatwa ikisomwa, tuulize wametenda nini, wamemtendea nani, lini. Serikali yenye majibu itayatoa na wahalifu watafungwa. Ikishindwa kulitaja tendo, haina mhalifu mkononi, ina raia. Na raia huyo, awe na kazi au asiwe nayo, ni wajibu wa serikali kumwacha aende zake.